Waya za meno au alaina? Naombeni ushauri kabla sijalipa

BintiLikoni:
Asalaam aleikum jamani, na wengine hamjambo. Mie nna miaka 27, nakaa Likoni, nafundisha nasari huku kisiwani Mombasa. Meno yangu ya juu yamepandana tangu utotoni, chonge moja imetokea juu kabisa kwenye ufizi, ya chini nayo yamebanana mpaka uzi haupiti. Tangu darasa la sita nikicheka hufunika mdomo na mtandio na wallahi nimechoka, nimeweka akiba miaka miwili nzima kwa ajili ya hii kitu.

Sa nlienda kwa daktari akanipiga eksirei akanambia lazima ning'olewe meno manne, mazima, hayana hata tundu, ndo nafasi ipatikane, halafu nivae waya kama miaka miwili. Hapo nkashtuka. Mwenzangu kazini anambia usikubali, kuna zile alaina, plastiki nyembamba hata haionekani, unaagiza mtandaoni kwa bei nafuu unavaa mwenyewe nyumbani. Na nikaha yangu ni Januari, imebaki miezi minane. Zitakuwa zishatoka? Zauma? Ntakula nini? Naombeni mliopitia mnambie ukweli.

MamaPacha_Bamburi:
Waaleikum salaam dadangu. Nlivaa waya miezi 22, nikwambie tu Januari hazitakuwa zimetoka. Meno yaliyobanana hivo ni mwaka na nusu mpaka miwili, wengine hupita hapo, na atakaekwambia miezi sita kwa meno kama hayo mkimbie.

Maumivu: wakati wa kubandikwa hakuumi, unakaa tu mdomo wazi mpaka taya linachoka. Ni jioni yake ndo yanaanza, siku ya pili na ya tatu hata mkate ukiuma unaona nyota, ikifika wiki imepoa. Mie nlimeza paracetamol nkaishi kwa uji, wali mlaini na mchuzi wa samaki, mbaazi za nazi, hamri mpaka nilichovye kwenye chai lilegee. Kila ukienda kukazwa, wiki nne mpaka nane hivi, inarudi siku mbili tatu ila si kama mara ya kwanza. Vile vidude vinavyobandikwa kwenye meno kushika waya vitakukwaruza ndani ya shavu utoke vidonda, omba ile nta upachike juu yake, na usukutue na maji ya chumvi vuguvugu.

Vya kuacha ndo vya kwetu vyote hivo, kachri za muhogo, mahindi ya kuchoma, miwa, gubiti, njugu, kutafuna barafu. Kidude changu kimoja kiling'oka pale Lighthouse nkila kachri, nkasema ntaenda wiki ijayo, ikawa wiki tano, na lile jino likaanza kurudi lilikotoka.

Na hii hakuna alienambia: vile vimpira vinavyoshika waya, ukichagua vyeupe au vya kuonekana ndani, sahani moja ya biriani na manjano yake vinageuka njano siku hiyohiyo. Chukua rangi ya kijivu. Vinabadilishwa kila ukienda, kwa hivo panga uende siku chache kabla ya harusi. Kuna pia vidude vya rangi ya jino, ni ghali zaidi na huvunjika upesi kuliko vya chuma ila kwenye picha havionekani sana, uliza.

Nyali_Mtulivu:
Mie natumia alaina mwezi wa 14 sasa. Ni nzuri lakini si za mtu mvivu. Masaa 20 mpaka 22 kwa siku ziko mdomoni, unazitoa kula na kupiga mswaki tu, seti mpya kila wiki moja au mbili vile daktari amepanga. Nazo zabana vilevile, seti mpya siku mbili za kwanza meno yanauma. Na si kweli kuwa hazionekani kabisa, maana kuna vidonge vidogo vya rangi ya jino hugandishwa kwenye meno ili plastiki ipate pa kushika.

Chai ndo mtihani. Huwezi kunywa nayo ikiwa mdomoni, inaingia rangi na joto laipinda, na soda ikikwama humo ndani jino laoza. Sisi wa kikombe kila saa tunapunguza tukitaka tusitake. Kwa mwalimu, siku chache za kwanza utakuwa na kithembe kidogo, soma kwa sauti nyumbani itapotea. Mwezi wa Ramadhani kwangu ulikuwa rahisi maana zinatoka futari na daku tu. Na kamwe usizifunge kwenye tishu ukila hotelini, yangu ilizolewa na mhudumu ikaenda na takataka.

KaziYaMeno:
Nafanya kazi kliniki ya meno mwaka wa tisa, si daktari, nasema nnayoyaona kila siku. Dada usiogope kuambiwa meno ying'olewe, wala usikubali papo hapo. Taya ni kama benchi, wakikaa watu wengi kuliko nafasi wengine watapanda migongoni, kwa hivo mara nyingi hutolewa yale yanayofuata chonge ili chonge ipate pa kushukia. Lakini si kila mdomo, kuna wanaopanua taya kidogo, kuna wanaosaga pembeni mwa jino chini ya nusu milimita. Nenda na eksirei yako kwa daktari wa pili, umuulize bila kumwambia wa kwanza alisema nini.

Waya na alaina zafanya kazi moja. Jino halijajengewa saruji, likisukumwa polepole mfupa wa upande mmoja unayeyuka na wa nyuma yake unajengeka, ndo maana haiharakishwi, ukilazimisha sana mzizi wa jino unaweza kufupika. Na kwa sababu hiyohiyo kuagiza mtandaoni bila mtu kukutazama ufizi na mifupa ni hatari. Kampuni ya Marekani SmileDirectClub, iliyokuwa ikiuza hivo hivo, ilifungwa Desemba 2023 na wateja wakaachwa na matibabu nusu.

Kwanza matundu yazibwe na meno yasafishwe, ufizi unaotoka damu usibandikwe kitu juu yake. Tafuta bingwa wa kupanga meno, othodontisti, na jina lake ulitazame kwenye orodha ya KMPDC, lile baraza la Kenya linalosajili madaktari na madaktari wa meno. Bei upewe kwa maandishi, je kung'oa kumo, kidude kikivunjika nalipa, na riteina, kile kifaa cha kuvaa baadaye meno yasirudi yalikotoka, imo? Hapo kwa riteina ndo watu hugombana na kliniki mwishoni.

Usafi: kila baada ya kula, na vile vibrashi vidogo vya kupita chini ya waya. Tende hunata vibaya. Nimeona wasichana waya zinatolewa meno yamenyooka kama reli lakini yana madoa meupe ya chaki kuzunguka pale palipobandikwa, na hayo hayaondoki kwa mswaki.

Aliyerudia_Tudor:
Naomba msipite haraka hapo kwa riteina. Mie nlivaa waya nikiwa 16, babangu alilipa kidogo kidogo kwa mshahara wa bandarini, zikatolewa nkapewa riteina ya kuvaa usiku. Nlivaa miezi minne nkaona meno yamekaa nkaiweka kwenye kabati. Sa nna 25 na ya chini ya mbele yamepandana tena, nimeanza upya na pesa yangu mwenyewe, na mzee hajui, siwezi kumwambia. Jino halisahau lilikotoka. Siku waya zikitoka ndo kipande cha pili kinaanza, na hicho daktari wangu wa sasa ananambia ni cha kila usiku, miaka na miaka. Kama hauko tayari kwa hicho cha pili, hiyo akiba iweke kwanza.

BintiLikoni:
Nimesoma yote mara mbili nkiwa kwenye feri. Mtandaoni siagizi tena. Nimemwambia mchumba wangu Januari ntakuwa na waya kwenye picha, akasema sawa tu, yeye meno hayakuwa kwenye posa. Jumanne saa nne nnamuona daktari wa pili na eksirei yangu mkononi na maswali nimeyaandika, la riteina nimeliweka la kwanza. @Aliyerudia_Tudor mwambie mzee, atafurahi kuwa umeanza tena.