Tupeane uzoefu: wazee wetu waliopigania uhuru wa Tanganyika na majina yao hayamo popote

Wakuu, salaam.

Kila ikikaribia Desemba 9 tunasikia majina yaleyale. Sina ugomvi nayo. Ila chama cha TANU kilipozaliwa Julai 7, 1954, waanzilishi walikuwa 17 tu, na watu 17 peke yao hawaing'oi serikali ya mkoloni. Wapo waliopika, waliolaza wageni, waliopeleka barua usiku. Tuwataje hapa. Leta ulichosimuliwa na mhusika mwenyewe au mtu wa nyumba yake. Za "nasikia" tuziache.

Naanza mimi. Bibi yangu mzaa mama alikuwa mcheza lelemama, Kariakoo. Bibi Titi Mohamed naye alitokea hukohuko kwenye ngoma, alikuwa mwimbaji wa kikundi cha Bomba. Kwa hiyo alipokabidhiwa kazi ya kuwaingiza akina mama TANU mwaka 1955, alipita kwa viongozi wa vikundi. Bibi alisema habari za mkutano zilitembea kama mwaliko wa ngoma: jioni fulani, khanga fulani, usichelewe.

Sasa babu alikuwa karani serikalini, na watumishi wa serikali walikatazwa kujiunga na TANU. Basi kadi ikaandikwa jina la bibi, hela akatoa babu. Bibi akaishonea ndani ya mto wa sufi. Babu akawa analalia kadi ya chama usiku, asubuhi anakwenda kumpigia Mwingereza taipu. Hadi leo wajomba wanabishana nani hasa alikuwa mwanachama. Mimi nasema mto.

Mto ninao. Kadi iliazimwa na watu waliosema wanaandaa maonyesho. Haikurudi.

*

Mkuu, nyie wa Dar mlikuwa na nafuu. Kwetu Usukuma TANU ilipigwa marufuku kuanzia mwishoni mwa 1954 hadi 1958. Babu alikuwa mpima pamba wa chama cha ushirika. Wakulima wakishaondoka, wanabaki watu kumi "kuhesabu magunia". Mkutano ndio huo. Mwanangwa, yaani mkuu wa kijiji, akamuuliza mbona magunia ya safari hii hayaishi kuhesabiwa, babu akajibu kwamba Mungu ameleta mvua. Akalala ndani wiki mbili. Uzeeni alikuwa akitamba kwamba alifungwa kwa kosa la hesabu.

Lakini wa kumtaja kwangu ni bibi. Mwaka 1958 watu wa Geita walipomiminika Mwanza kupinga baraza la mchanganyiko wa rangi, wengine walipitia kwetu. Bibi alifungua ghala akatoa michembe yote, viazi vitamu vilivyokaushwa, hakubakiza hata ya mbwa. Baba yangu anaikumbuka njaa ya miezi iliyofuata kuliko anavyoikumbuka siku ya uhuru yenyewe. Hakuna aliyekuja kumwambia bibi asante, na sidhani kama alikuwa anaisubiri.

*

Mleta mada, siku hizi kila mtu babu yake alikuwa TANU. Hao waliokuwa wanawasindikiza mabwana shauri, maofisa wa mkoloni, kwenye kukusanya kodi walikufa bila wajukuu?

*

Mkuu hapo juu, wa kwangu mmoja alikuwa tarishi wa bwana shauri. Naye nitamleta, nipe muda.

*

Naona mnaanzia 1954. Sisi Wameru tulianza mapema. Mwaka 1951 watu wapatao 3,000 walifukuzwa Engare Nanyuki, nyumba zikachomwa, ardhi wapewe walowezi. Mwaka uliofuata Kirilo Japhet akapeleka kesi Umoja wa Mataifa, New York. Kila mtu anamjua Kirilo. Nauli je? Ilichangwa. Bibi yangu alitoa mbuzi jike mwenye mimba, wa pekee aliyevuka naye siku ya kufukuzwa.

Hakutuambia hata siku moja. Tulijua msibani kwake, aliposimama mzee mmoja kutoa salamu za rambirambi akamtaja yule mbuzi kwa rangi yake, mweupe mwenye doa sikioni. Mama alilia upya.

*

Mkuu wa Meru, huyo mzee bado yupo? Nenda na simu ukamrekodi, Jumamosi hii hii.

*

Yupo, ila masikio yamekwenda. Nitamwandikia maswali kwa herufi kubwa.