Wachangiaji wawili wamekorofishana kwenye mradi wa programu huria, niwapatanisheje?

Wakuu, habari zenu.

Nasaidia kupitia mabadiliko kwenye mradi mdogo wa programu huria, yaani programu ambayo yeyote anaweza kuisoma na kuiboresha. Wachangiaji wetu wawili wazuri kabisa hawaelewani. Mmoja aliandika upya kodi (maandishi ya programu) ya sehemu ya kusoma faili, mwenzake akamjibu mbele ya wote: "Hii kodi ni takataka, futa." Tangu hapo wa kwanza kimya, na huyu mwingine anashikilia kwamba kasema kweli. Kasoro ipo kweli: faili likiwa kubwa, programu inamaliza kumbukumbu yote ya kompyuta. Sitaki kumpoteza yeyote. Nianzie wapi?

Kipanga:
Pole mkuu. Anza na aliyenyamaza, faraghani, umwambie kazi yake umeiona na bado inahitajika. Kisha mfuate yule mkali, naye faraghani. Usimwambie aufiche ukweli, mwambie aumalizie, maana "takataka" haimwonyeshi mtu pa kurekebisha. Angeandika hivi: "Hapa faili linasomwa lote kwa mkupuo, kwa hiyo likiwa kubwa litajaza kumbukumbu. Jaribu kusoma mstari kwa mstari. Jaribio nitaliandika mimi ukipenda." Kasoro imetajwa bila kupakwa asali, na mtu hajaguswa.

Bi Nukta:
Naunga mkono. Kwenye miradi ya Apache, shirika la programu huria, kura ya -1 ya kuzuia badiliko la kodi lazima iambatane na sababu ya kiufundi, la sivyo haihesabiki. Wekeni kanuni kama hiyo. Itamlinda hata huyo mkali, hoja yake isije ikapuuzwa kwa sababu ya mdomo wake.

Mkesha:
Na wakishindwa kabisa kukubaliana, nani anaamua? Mwaka 2018 Guido van Rossum, mwanzilishi wa lugha ya kuandikia programu ya Python, aliachia uongozi wake baada ya mvutano mkali kuhusu PEP 572, pendekezo la kuibadili lugha hiyo, na 2019 wakachagua baraza la watu 5. Amueni hilo mapema, kabla ugomvi haujaiva.

Muuliza swali:
Asanteni sana. Je, nimtake aombe radhi hadharani?

Kipanga:
Mwombe, usimshurutishe. Ila wewe usingoje radhi yake. Leo hii jibu palepale chini ya lile neno, useme lugha hiyo hamuikubali, kisha eleza tatizo la kumbukumbu kwa utaratibu. Wapo wanaosoma kimyakimya wakipima kama nao wachangie.