Shahada ya wanyamapori: Jeshi la Uhifadhi, NGO au tathmini ya mazingira?

Kwembe88: Wakuu, mdogo wangu anamaliza shahada ya wanyamapori SUA, Chuo Kikuu cha Sokoine. Njia ipi ina unafuu kwa anayeanza?

Pori_Tengefu: TANAPA (hifadhi za taifa), TAWA (mapori ya akiba), Ngorongoro na TFS (misitu) siku hizi ni Jeshi la Uhifadhi, kwa hiyo shahada haimwepushi na kwata wala kupangiwa kituo asichokitaka. Ila mshahara ni wa uhakika, na PSSSF, mfuko wa pensheni wa watumishi wa umma, anakatwa asilimia 5, mwajiri anaweka 15. NGO ziko NSSF, mfuko wa sekta binafsi, kwa kawaida asilimia 10 kwa 10. Wengi wanaoomba serikalini huenguliwa kabla ya usaili: barua haina sahihi, au wamepandisha kwenye mfumo wa maombi karatasi ya matokeo badala ya cheti chenyewe.

TwigaMfupi: Cheti kila mtu anacho, NGO zinatafuta mwenye ujuzi wa mikono. Ajue QGIS (programu ya ramani), ajue R (programu ya takwimu) walau ya kukokotoa wingi wa wanyama kutokana na transekti, yaani mistari ya kuhesabia uwandani, na ajue kufunga kamera za kunasia wanyama. Kwenye kamera ndiko wasomi huumbuka. Ifungwe sentimita 40 hadi 50 kutoka ardhini, itazame kaskazini au kusini ili jua la asubuhi na jioni lisiipige usoni. Nyasi za mbele zifyekwe. Ukiziacha, unarudi kukuta betri imekufa na kadi imejaa picha za majani yakipepea. Na saa ihakikiwe! Ikikosewa, huwezi kusema chui anapita usiku au mchana. Ubaya wa NGO ni mkataba wa mwaka mmoja au miwili: mfadhili akiondoka, nawe unafungasha.

MamaMikoko: Mbona tathmini mnairuka? Sheria ya Mazingira ya 2004 inaibana miradi mikubwa ya barabara na migodi ifanyiwe tathmini ya athari kwa mazingira. Aanze kama mtu wa baioanuai chini ya mtaalamu aliyesajiliwa. Malipo huwa kwa siku za kazi, kuna miezi isiyo na kazi. Tatizo kubwa ni mteja mwenye haraka: mnapelekwa uwandani kiangazi, vyura wamejificha, mimea ya msimu imekauka, halafu ripoti inasomeka kana kwamba hapana kitu. Tarehe na msimu viandikwe waziwazi kwenye ripoti, la sivyo lawama ni za mdogo wako.

Kwembe88: Na kuongoza watalii?

Pori_Tengefu: Hapo anayejua ndege na Kifaransa au Kijerumani anampita mwenye GPA kubwa. Aprili na Mei, masika, watalii ni wachache, awe na akiba.

TwigaMfupi: Na leseni, mkuu.