Nimfikishe mama kwenye maua kwa kiti cha magurudumu?

Binti wa Katuba
Jambo wote wa Lubumbashi. Mama alipooza upande wa kushoto baada ya kiharusi. Kuna bustani ya umma karibu na kwetu, wanasema imetengenezwa hata kwa wenye viti vya magurudumu. Nimeenda kwanza peke yangu kuangalia. Lango ni pana, njia kuu ina matofali ya zege yaliyolala vizuri, na chini ya miembe kuna meza isiyo na benchi upande mmoja: kiti kinaingia mpaka magoti yanakaa chini ya meza. Nilifurahi sana! Ila kati ya barabara na lango kuna mfereji, na ubao wa kuvukia ni mwembamba kuliko kiti. Tena njia ya kwenda kwenye maua ni changarawe tupu. Na mama hataki meza, anataka maua. Alikuwa analima lengalenga (mchicha) nyuma ya nyumba, anatamani kushika udongo tena. Nani ameshapita hapo na mgonjwa?

Yaya wa trisikli, Kamalondo
Mdogo wangu, usisukume kiti kwenye changarawe. Magurudumu madogo ya mbele yanazama, na mama anaweza kuanguka kifudifudi. Geuza kiti, vuta kinyumenyume, makubwa yatangulie. Mvua ikiwa imenyesha, ahirisha, huu udongo wetu mwekundu unaganda kwenye magurudumu. Na choo umekiangalia? Wanajenga njia nzuri, halafu mlango wa choo haupitishi kiti. Hicho ndicho kinachoturudisha nyumbani mapema, na hakuna anayekisema.

Fundi mwashi
Kila sentimita 1 ya kupanda inataka sentimita 12 za urefu wa ubao. Ubao uwe na upana wa sentimita 90, na ukingo pande zote mbili ili gurudumu lisitoke. Tena andikeni barua kwa ofisi ya komini. Sheria ya tarehe 3 Mei 2022 inalinda haki za watu wenye ulemavu, itajeni humo.

Binti wa Katuba
Asante yaya, choo sikukiangalia, kesho naenda na futi. Fundi, mfereji una upana wa mita 1 hivi, na lango liko juu ya barabara kwa sentimita 10. Mbao za mita 2 zitatosha?

Fundi mwashi
Zitatosha: 10 mara 12 ni 120, na ncha zitalala vizuri huku na huku. Chukua mbao nene, uzifunge kwa chini na vipande vya kukingama. Bati usiweke, likilowa linateleza.