Krimu za jua za madini: hiyo "rangi moja kwa ngozi zote" ni ya ngozi ya nani?

Ndugu wanajamvi,

Nafungua uzi huu nikiwa na hasira, na sioni sababu ya kuificha. Malalamiko yangu yanawahusu watengenezaji na wauzaji wa krimu za uso za kujikinga na jua zenye kinga ya madini, yaani zile ambazo kazi hufanywa na oksidi ya zinki, dioksidi ya titani au zote mbili kwa pamoja. Wanatuambia sisi wenye ngozi nyeusi kwamba hizo ndizo zinazotufaa, wanatutoza fedha nyingi, kisha wanatukabidhi kitu kinachotuacha na uso uliopauka kama wa mtu aliyetoka kuugua. Ukirudi kulalamika, unaambiwa kwamba hujui kupaka.

Sina ugomvi na madini yenyewe. Nina melasma, madoa yaliyonitokea mashavuni na juu ya mdomo wakati wa ujauzito, na hayakuondoka mtoto alipozaliwa. Ngozi yangu pia huwashwa na krimu nyingi zenye vichujio vya kikemikali, yaani viambato vya kuzuia mionzi visivyo vya madini, na ndiyo maana daktari wa ngozi alinielekeza kwenye zinki. Ushauri wake ulikuwa sahihi. Katika mionzi ya jua ya urujuanimno, zinki hukinga UVB, ile inayounguza, pamoja na sehemu kubwa ya UVA, ile inayopenya ndani zaidi ya ngozi na kupita hata kwenye kioo cha dirisha la daladala, tena ni mara chache sana kumwasha mtu. Mwaka 2019, mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani, FDA, ilipopendekeza kanuni mpya za bidhaa hizi, ni zinki na titani pekee, kati ya viambato 16 vilivyokuwa vikitumika, ambavyo ilisema vina ushahidi wa kutosha wa usalama na ufanisi. Kwa hiyo mtu mwenye ngozi nyepesi kuwashwa ana sababu nzuri ya kuyataka madini, na hiyo ndiyo sababu inayofanya kuuziwa bidhaa mbovu kuuma zaidi.

Nilinunua krimu ya namna hiyo kwa shilingi 85,000 katika duka moja la vipodozi hapa Dar es Salaam. Lebo ilisema SPF 50, namba inayoonyesha nguvu ya kinga dhidi ya kuungua, na kwamba inafaa ngozi za rangi zote. Nilipaka kipimo kinachoshauriwa kwa uso na shingo, yaani mistari miwili kwenye urefu wa kidole cha shahada na cha kati. Uso ukawa wa kijivu, na jasho lilipoanza kutoka, weupe ukajikusanya kwenye nyusi, kandokando ya pua na kwenye mstari wa nywele. Nilipoirudisha, muuzaji aliniambia: "Dada, unapaka nyingi mno. Chukua kidogo tu kama punje ya mahindi, sugua mpaka ipotee."

Naomba kila anayesoma uzi huu alielewe kosa lililomo ndani ya jibu hilo, kwa sababu nimelisikia katika zaidi ya duka moja na ninaamini ndilo linalotuumiza kuliko mengine yote. Namba ya SPF iliyoandikwa kwenye chupa hupimwa maabara kwa kupaka miligramu 2 za krimu kwa kila sentimita moja ya mraba ya ngozi. Ukipaka robo ya kiasi hicho, kinga unayobaki nayo ni ndogo mno kuliko ile uliyolipia. Mtengenezaji anajua kwamba bidhaa yake ikipakwa kwa kipimo cha maabara itamfanya mteja mweusi aonekane kama kapakwa unga, na muuzaji anajua kwamba mteja huyo ataivumilia tu akiipaka kidogo. Matokeo yake ni kwamba mtu mweupe ananunua SPF 50 na anaipata, wakati mimi nimelipa bei ileile, naenda juani bila kinga ya maana nikiamini nimejikinga, na melasma yangu inazidi kukolea. Huo ni udanganyifu, hata kama hakuna neno la uongo lililoandikwa kwenye kifungashio.

Weupe huo si fumbo, na wala hautokani na namna ya kusugua. Dioksidi ya titani ndiyo inayoipa rangi ya ukuta weupe wake, kwa sababu hupinda na kutawanya mwanga kwa nguvu kubwa. Oksidi ya zinki hutawanya mwanga kwa nguvu ndogo zaidi, lakini nayo ikiwa nyingi na chembe zake zikiwa kubwa huonekana. Viwanda vinaweza kuzisaga chembe hizo ziwe ndogo mno ili weupe upungue, isipokuwa kadiri zinavyosagwa ndivyo kinga dhidi ya UVA inavyoelekea kupungua. Kwa hiyo tangazo linalosema krimu ni ya madini matupu, ina SPF 50, haina rangi yoyote iliyoongezwa na haiachi weupe hata chembe kwenye ngozi nyeusi kabisa, mimi silipokei mpaka niione krimu hiyo kwenye shavu langu, mchana, nje ya duka. (Na wale wanaodai kwamba madini yanafanya kazi kama kioo kwa kurudisha mionzi ilikotoka wapunguze: sehemu kubwa ya mionzi ya urujuanimno hufyonzwa na madini hayo, na ni kidogo tu inayorudishwa.)

Njia ya kuondoa weupe inajulikana na wala si ya jana. Ni kuongeza oksidi za chuma, nyekundu, ya njano na nyeusi, zile zile zinazotumika kwenye fondesheni, mpaka rangi ya krimu ilingane na ngozi. Kwetu sisi jambo hili linazidi urembo. Mwaka 2010 madaktari wa ngozi wa Henry Ford Hospital, huko Detroit, walichapisha utafiti ulioonyesha kwamba mwanga wa kawaida, huu tunaouona kwa macho, uliisababisha ngozi ya kahawia na nyeusi kukolea rangi na kubaki hivyo kwa muda, ilhali ngozi nyeupe iliyopimwa kwa mwanga uleule haikubadilika. Vichujio vya kikemikali vya kawaida haviuzuii mwanga huo, na zinki iliyosagwa ikawa angavu haiuzuii vya kutosha. Oksidi za chuma huuzuia. Mwaka 2014 watafiti wa Mexico walifuatilia wagonjwa wa melasma waliokuwa wakitumia dawa ileile ya kupunguza madoa, na waliopewa kinga yenye oksidi za chuma walipata nafuu zaidi kuliko waliopewa kinga ya urujuanimno peke yake.

Sasa nendeni madukani mkatazame rangi zilizopo. Krimu nyingi za madini zenye rangi huja na rangi moja tu, ya ngozi ya mtu mweupe aliyechomwa na jua kidogo, nayo imeandikwa kwamba inaendana na kila ngozi. Kwangu inatoa rangi ya chungwa asubuhi na ya kijivu ikifika adhuhuri. Nyingine zina rangi tatu au nne, na ile inayoitwa "nyeusi zaidi" inaishia kwa mtu mweupe kunishinda mimi, na mimi si mweusi kuliko wanawake wote ninaopanda nao daladala. Krimu inayolingana na ngozi nyeusi sana hubeba oksidi za chuma nyingi zaidi, hivyo huuzuia mwanga ule kwa nguvu zaidi. Anayeihitaji kinga hiyo kuliko wote ndiye anayenyimwa, na anayenyima anasema soko letu ni dogo. Dogo kwa hesabu ipi, wakati tuko karibu na ikweta na jua letu halipumziki mwaka mzima?

Kuna pia jibu la kutudharau, kwamba mtu mweusi hana haja ya krimu ya jua. Melanini yetu, yaani rangi asilia ya ngozi, hukinga, ni kweli. Utafiti wa mwaka 1979 uliikadiria kinga ya tabaka la juu la ngozi nyeusi kuwa sawa na SPF ya karibu 13. Lakini kipimo hicho kinahusu kuungua, na mimi sikuingia dukani kwa hofu ya kuungua. Nilikuja kwa ajili ya madoa, na madoa hayo ni melanini hiyohiyo, inayotengenezwa kwa wingi ngozi ikichokozwa na mwanga. Muuzaji mmoja aliniambia kwamba mafuta ya jua ni ya watu wenye ualbino. Kwa watu wenye ualbino ni kinga dhidi ya saratani ya ngozi, yaani ni suala la uhai, na hakuna anayestahili kutumia hitaji lao kuninyamazisha mimi. Kisha muuzaji huyohuyo, mwenye uhakika kwamba ngozi yangu haihitaji kinga, akanionyesha krimu ya "kung'arisha". Wapo dada zetu wengi wanaojaribu kuacha mkorogo, ambao ngozi zao zimechubuliwa na haidrokwinoni na steroidi, na mtu wa namna hiyo anahitaji kinga ya jua kuliko karibu kila mteja mwingine. Akiipata ile ya kijivu, ataitupa baada ya siku chache na kurudi kwenye mkorogo. Nani atalaumiwa hapo?

Kwa anayetaka kununua leo, soma orodha ya viambato nyuma ya kifungashio kabla ya kusoma ahadi zilizo mbele. Tafuta oksidi za chuma, ambazo mara nyingi huandikwa kwa namba CI 77491, CI 77492 na CI 77499. Zikikosekana zote, krimu hiyo haina rangi ya kuifaa melasma yako, hata SPF yake iwe 100.  Kati ya krimu ya zinki peke yake na ile yenye titani nyingi, mimi naanza na ya zinki. Kisha omba kuijaribu usoni, kwenye taya, kwa unene utakaoutumia kweli, utoke nje na usubiri ikauke, maana taa za madukani zinaficha kijivu na mgongo wa kiganja haufanani na uso. Asiyewashwa na vichujio vya kikemikali anaweza kuvitumia bila weupe wowote na kuongeza juu yake poda au fondesheni yenye oksidi za chuma. Ni njia halali, ila wengine wetu ngozi zetu zimekataa.

Msiniambie pia kwamba kutengeneza kwa ajili yetu haiwezekani. Moshi, kwenye kituo cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi kilichopo hospitali ya KCMC, yametengenezwa mafuta ya kujikinga na jua kwa ajili ya watu wenye ualbino, yakafikiriwa kwa hali ya hewa yetu na kwa ngozi zao. Utaalamu upo hapa nchini, na oksidi za chuma si malighafi adimu.

Ninachokidai ni hiki. Muuzaji aweke kopo la kujaribia kwa kila krimu ya madini anayoiuza, na airudishe fedha pale krimu iliyoandikwa "kwa ngozi zote" inapoacha kijivu kwenye ngozi ya mteja ikiwa imepakwa kwa kipimo kamili. Mwagizaji aache kuleta rangi moja. TBS, shirika la viwango la Tanzania, ambayo tangu mwaka 2019 ndiyo inayosimamia vipodozi, imtake anayeandika "kwa ngozi zote" aonyeshe alizijaribu ngozi zipi.

Na wenye ngozi kama yangu waliopata krimu ya madini inayolingana nao kweli, wekeni hapa picha ya orodha ya viambato vyake, mtaje rangi mliyochukua na kama ilipakwa kwa vidole viwili kamili au kwa punje ya mahindi.