Hotspoti ya simu inakatakata hovyo, nimechoka wakuu

BintiKimara:
Wakuu habari za jioni, naombeni msaada. Kazi yangu ni kusikiliza sauti na kuziandika, kwa hiyo nashinda mtandaoni, natumia hotspoti ya simu kwenye laptopu. Sasa hii hotspoti haieleweki, inaweza ikatulia saa zima mpaka nasahau kama nina shida, halafu ghafla inakata mara tatu ndani ya dakika kumi. Simu ni Android ina kama miaka mitatu, laini mbili, bando lipo, 4G inasoma imejaa. Nimezima nimewasha, nimefuta waifai kwenye laptopu nikaunganisha upya, nimebadilisha paswedi, wapi! Jana niko kwenye kikao na mteja ikakata wakati nataja bei, narudi hewani namkuta ananishukuru kwa bei ambayo wala sikuitaja. Hapo ni simu imechoka au laptopu?

kiswaswadu_tu:
Bando limeisha hilo dada, angalia salio 😂

BintiKimara:
Kaka soma kwanza, nimeandika bando lipo.

FundiWaJioni:
Dada kabla watu hawajaanza kukushauri ununue simu mpya, ikikata, ile alama ya waifai kwenye laptopu inapotea kabisa au inabaki ila inakuambia hakuna intaneti? Nauliza kwa sababu kuna safari mbili humo, laptopu mpaka kwenye simu, na simu mpaka kwenye mnara, kila moja inakatika kivyake na dawa zake hazifanani hata kidogo, ndiyo maana mtu anabadilisha paswedi wiki nzima wakati shida iko mnarani.

Kama ni Windows fungua cmd, lile dirisha jeusi la kuandika amri, andika ipconfig, tafuta namba ya Default Gateway, hiyo ndiyo simu yako. Andika ping, acha nafasi, hiyo namba, acha nafasi, malizia na -t. Fungua dirisha la pili la cmd ufanye hivyo hivyo kwa 8.8.8.8, hiyo ni seva ya Google huko nje mtandaoni. Yaache yote mawili yatembee huku unaendelea na kazi, ikikata tu uangalie lipi limegoma. Likigoma la pili peke yake, laptopu na waifai hazina kosa, simu ndiyo imepoteza data. Yakigoma yote, tuanzie kati ya laptopu na simu.

BintiKimara:
Nimekaa nayo tangu jana saa nne usiku. Majibu yamenichanganya kwa sababu vyote viwili vinatokea! Nikifunga laptopu nikaenda jikoni, nikirudi hotspoti imejizima kabisa kwenye simu. Ila nikiwa nafanya kazi, dirisha la kwanza linaendelea vizuri la pili ndiyo linagoma. Leo asubuhi limegoma dakika sita nzima, na dakika sita hizo mama mkwe alikuwa hewani kwenye laini yangu nyingine 🤔

FundiWaJioni:
Hahaha mama mkwe ndiye mnara wenyewe. Simu nyingi za laini mbili, ukiongea kwenye laini moja data ya laini ya pili inasimama mpaka ukate. Na hata ungekuwa na laini moja, kama VoLTE, yaani kuongea kupitia 4G yenyewe, haijawashwa au laini haiikubali, simu ikiingia inashushwa kutoka 4G kwenda 3G au 2G ndipo muongee, ikiangukia 2G intaneti inalala. Kwa hiyo ingia setingi za laini uwashe VoLTE kama ipo, ila kwa kazi kama yako mimi ningehamishia laini ya kuongelea kwenye kitochi. Hakuna setingi inayoizidi hiyo.

Ile ya jikoni ni ndogo, ukifunga laptopu inalala, simu inaona hakuna kifaa, baada ya dakika kadhaa inazima hotspoti kuokoa chaji. Kwenye setingi za hotspoti kuna sehemu ya kujizima yenyewe, iondoe. Angalia pia kama umewasha kubana matumizi ya betri, hiyo nayo huwa inazima.

mzee_wa_bati:
Niongezee hapo. Mimi nyumba yangu bati na kuta nene, 4G naipata dirishani tu, nikiacha simu dirishani sebuleni laptopu ikiwa chumbani inakata. Kumbe hotspoti ilikuwa kwenye masafa ya waifai ya 5GHz, ina kasi lakini ukuta inauogopa, nikairudisha 2.4GHz mambo yakatulia. Kasi inapungua kidogo lakini kwa kazi ya kuandika hutaona.

AboubakarIP:
Wenye iPhone kuanzia 12, hiyo 2.4 mnaipata mkiwasha Maximize Compatibility hapo hapo kwenye hotspoti.

kiswaswadu_tu:
Mnahangaika bure, chomeka waya wa USB washa USB tethering, waifai haihusiki tena na simu inachaji humo humo.

FundiWaJioni:
Leo umeongea la maana. Ila waya hautamzuia mama mkwe. Na usiifunike simu na mto ikiwa inachaji huku inagawa data, ikichemka sana inajipunguza nguvu yenyewe.

BintiKimara:
Mrejesho wakuu. Laini ya familia nimeihamishia kwenye kitochi cha kaka yangu kilichokuwa kimelala kabatini, kujizima nimeondoa, natumia waya. Siku mbili haijakata hata mara moja, mungu awabariki. Shida sasa ni nyingine, jana nimeweka GB 5 nikalala laptopu ikiwa imewashwa, nimeamka naambiwa bando limeisha 😭

kiswaswadu_tu:
Si nilisema tangu mwanzo bando limeisha

FundiWaJioni:
Windows imejishushia apdeti usiku, zamani kukatika ndiko kulikuwa kunakuokolea MB. Nenda kwenye setingi za mtandao, fungua huo muunganisho wa simu, washa palipoandikwa Metered connection, yaani unaiambia Windows data hii ni ya kupimiwa isijishushie hovyo. Washa kwenye waya na kwenye waifai pia, kila mmoja una setingi yake.