Linkin Park bila Chester: jina lile bado ni lao?

MLETA MADA
Wakuu, salaam. Septemba 5, 2024 Linkin Park, bendi ya roki ya Marekani, waliachia "The Emptiness Machine", wimbo wao wa kwanza wakiwa na mwimbaji mpya, Emily Armstrong wa bendi ya Dead Sara. Wapenzi wa nu metal (metali iliyochanganywa na rap) wakagawanyika papo hapo. Wapo waliofurahi hadi machozi, wapo wanaosema baada ya mwimbaji wao Chester Bennington kufariki Julai 20, 2017, jina lile lilipaswa kuzikwa naye. Mimi nasema jina ni lao na wamelitumia kwa heshima.

Vaa hedifoni uusikilize upya. Anayefungua ni Mike Shinoda, mwimbaji na rapa wa bendi tangu mwanzo, na ubeti wa kwanza wote ni wake, mpaka kiitikio. Emily haingii hadi ubeti wa pili, kama mtu aliyepiga hodi akasubiri kukaribishwa. Kisha anapandisha sauti, na ule mkwaruzo unaotoka kooni ni wake mwenyewe. Hamwigi marehemu.

Halafu tusisahau bendi hii ilianza California mwaka 1996 ikiitwa Xero, na mwimbaji alikuwa Mark Wakefield. Chester aliletwa 1999 kutoka Arizona kuziba pengo. Yeye pia aliwahi kuwa mgeni! Hata albamu ya Novemba 2024 wameiita From Zero, wakikumbusha jina lile la mwanzo.

MCHANGIAJI WA KWANZA
Mkuu, hapo kwa Wakefield sikubaliani nawe kabisa. Aliondoka kabla hawajatoa hata albamu moja, nani alikuwa amelilia kwa sauti yake? Mimi nilikuwa kidato cha tatu, bwenini, taa zimezimwa, tunagawana hedifoni moja watu wawili: sikio lako, sikio langu. Sauti ya Chester ndiyo iliyonivusha mwaka ule.

Na mnakumbuka tamasha la kumkumbuka Chester pale Hollywood Bowl, Oktoba 27, 2017? Walipiga wimbo wao "Numb", maiki imesimama peke yake kwenye mwanga, hakuna mtu nyuma yake, uwanja mzima ndio unaoimba. Wangeiacha hivyo. Waimbe mapya, sawa, ila kwa jina jingine. Mbona hata Rob Bourdon, mpiga dramu wa tangu mwanzo, hayumo?

MCHANGIAJI WA PILI
Kuhusu Rob, Shinoda alishaeleza: aliwaambia miaka kadhaa nyuma kwamba anataka kujiweka mbali na bendi. Hakufukuzwa. Dramu sasa anapiga Colin Brittain. Tusimtumie mtu asiye na ugomvi kuwa shahidi wa ugomvi wetu.

MLETA MADA
Ndugu yangu wa bwenini, ile maiki nami ninaikumbuka, na kwa "Numb" umenigusa. Lakini waliokuwa jukwaani usiku ule nao walikuwa wafiwa, na nyimbo zile walizitunga pamoja na Chester. Matanga huanuliwa. Wao walikaa miaka saba. Katikati yake, 2023, walitutolea "Lost", sauti ya Chester iliyobaki tangu enzi za albamu yao ya Meteora, na wangeweza kuendelea kuokoteza mabaki kila mwaka watuuzie. Badala yake wameingia studio na mtu aliye hai.

Nijibu hili moja basi: wangerudi kwa jina jipya, halafu wakaiimba "Numb" ileile, ungewapokea?